Noah D4 inazima ikiwa sailensi (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta), hasa nikitoka sheli. Mafundi watatu, majibu matatu

#1 Chumbageni_Boi
Wakuu salaam. Noah yangu ya 2003, injini 1AZ-FSE, ile ya D4, imenitia aibu wiki ya tatu sasa. Asubuhi inawaka vizuri tu. Ikishapata moto, nikisimama njia panda ya Kange na AC nimewasha, mshale wa mizunguko unashuka taratibu kutoka 700 mpaka 400, gari inatetemeka kama ina homa, halafu kimya. Kuiwasha inawaka, ila mpaka nikanyage mafuta. Jana imezima mara nne kati ya Kange na Mkwakwani. Ile ya mwisho nyuma yangu kulikuwa na lori la saruji linatoka Pongwe, limenipigia honi mpaka abiria wangu wa mbele kafungua mlango, kaita bajaji, kaenda zake. Nauli hakutoa.

Nilichokiona mwenyewe: siku inayozima sana ni siku niliyotoka kujaza tangi.

Fundi wa kwanza kabadili plagi zote nne. Wa pili kapima kwa mashine, kaniandikia kwenye kipande cha mfuko wa saruji kodi ya hitilafu, P0171, kasema oksijeni sensa imekufa, lete laki na ishirini. Wa tatu kaangalia kwa macho tu, kasema EGR, ile valvu ya kurudisha moshi, tuizibe kabisa. Taa ya injini iko njano muda wote. Nimsikilize nani?

#2 Mnazi_Mkinda
D4? Pole. Uza.

#3 Yakhe_wa_Makorora
Jiji la baiskeli hili ndugu yangu, wewe umekwenda kununua Noah. Baiskeli haina sailensi, ukisimama umesimama.

#4 Fundi_Duga
Fundi wako wa tatu anajua anachosema. Hizi D4 nimezifungua nyingi. Petroli yake inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa kama injini za kawaida, kwa hiyo hakuna kinachozisafisha valvu zile. Sasa EGR inarudisha moshi wa ekzosi kwenye manifoldi, yaani njia ya kuingizia hewa, PCV, valvu ya kupumulia injini, nayo inaleta mvuke wa oili, vikikutana vinafanya masizi mazito kama lami. Masizi yakikaa kwenye kiti cha EGR, valvu haifungi. Kwenye sailensi EGR inatakiwa iwe imefungwa kabisa; ikibaki wazi kidogo tu, injini inavuta moshi badala ya hewa safi, mwako unakuwa dhaifu, inazima. Ukikanyaga mafuta inapona kwa sababu hewa imekuwa nyingi, moshi ule hauonekani tena.

Nishawahi kuitoa EGR ya Premio moja ya D4 hapa, tundu la kupitisha moshi lilikuwa limebaki nafasi ya kupita njiti ya kiberiti. Ifungue, isugue, rudisha.

#5 Spana_14
Fundi Duga heshima yako, ila P0171 haizungumzii EGR. EGR ina kodi zake: P0401 moshi unaopita ni mdogo kuliko inavyotakiwa, P0402 ni mwingi kupita kiasi. P0171 maana yake kompyuta inaona hewa nyingi, mafuta kidogo, na imeongeza mafuta mpaka imefika ukingoni. Moshi wa EGR oksijeni yake imeshaungua, utaleta vipi usomaji wa hewa nyingi?

Mleta uzi, na wewe usinunue sensa. Oksijeni sensa ndiyo iliyotoa taarifa. Ukimpiga mjumbe, habari haibadiliki.

#6 Fundi_Duga
#5 nimekuelewa, ila fikiri tena. Moshi ukizidi, silinda inakosa kuwaka. Isipowaka, ile oksijeni iliyoingia inatoka nzima nzima kwenye ekzosi. Sensa inaiona, inapiga kelele hewa nyingi. Kodi inakuwa P0171 na chanzo kikawa EGR. Nimeliona hili kwa macho yangu, sijalisoma mahali.

#7 Spana_14
Hapo umenibana kidogo. Inawezekana. Lakini kungekuwa na kodi ya kukosa kuwaka pia, P0300 na ndugu zake. Mleta uzi, kulikuwa na kodi nyingine kwenye huo mfuko wa saruji?

#8 Chumbageni_Boi
Mfuko ulikuwa umechanika mkuu. Nakumbuka moja tu.

#9 Binti_Muheza
Mimi IST yangu ilikuwa na ugonjwa huu huu, inazima njia panda ikishapata moto. Kila fundi EGR, EGR. Nikahangaika mpaka fundi mmoja mzee akacheka, akaniambia binti yangu, hii injini ya 1NZ haina EGR ya nje, VVT-i, mtambo wa kubadili muda wa valvu, ndiyo inayofanya kazi hiyo kwa kuwahisha kufungua valvu za kuingizia hewa. Kumbe valvu ya oili ya VVT-i ilikuwa imekwama wazi kwa tope la oili, na kale kachujio kake kameziba. Aliichomoa, akaiosha kwa petroli, akaipa umeme wa betri ikawa inalia tak tak. Nikamwaga oili ya zamani, mwaka wa pili huu sijasikia kitu.

Kwa hiyo uliza kwanza oili yako ilimwagwa lini.

#10 Chumbageni_Boi
Oili nimemwaga mwezi uliopita dada. Ila aliyekuwa nayo kabla yangu Mungu ndiye anajua.

#11 Mwalimu_Pangani
Gari LINAzima. Si inazima. Gari, magari. Watu wa Tanga nao tukiandika hivi, wa bara waandikeje?

#12 Yakhe_wa_Makorora
Mwalimu, likizima ni linazima, likiwa D4 ni lazima.

#13 Mzee_wa_Sahare
Vijana hamjambo. Mimi nimeanza na Datsun na Peugeot 504 za kabureta. Sailensi ilikuwa skrubu moja: unakaza, unalegeza, unasikiliza kwa sikio, basi. Leo gari lina mipira ya hewa kama utumbo wa mbuzi, na kila mpira ukipasuka sailensi inapotea.

Nawaomba mwangalie kitu ambacho hakuna aliyekitaja kama mshukiwa: PCV na mpira wake. Ndicho kifaa cha zamani kuliko vyote vya kupunguza uchafuzi wa magari, California walianza kuviona kwenye magari mapya tangu 1961. Bei yake ndogo, ndiyo maana mafundi hawakitaji. Mpira wake uko nyuma ya injini kwenye joto, unakuwa mgumu kama kaukau, unapasuka upande wa chini usikoonekana. Injini inavuta hewa ya wizi pale. Ikiwa baridi mpira unabana, ikipata moto ufa unafunguka. Haya, si ndiyo ugonjwa wake huo? Asubuhi nzima, mchana inazima.

Ichomoe PCV, itikise sikioni. Ikilia ndani kama njugu, bado nzima. Isipolia, imeganda.

#14 Dereva_Horohoro
Mzee wa Sahare kongole. Naongezea: hata ikilia inaweza kuwa mbovu. Injini ikiwa inanguruma ziba tundu kwa kidole, ukisikia inavuta njia iko wazi.

#15 Embe_Dodo
Mbona wote mmeruka neno lake moja? Kasema INAZIMA SANA SIKU NILIYOJAZA TANGI. Hii si EGR, si PCV. Hii ni pejivalvu.

Nieleze kwa ambao hawaijui. Mvuke wa petroli wa tangi hauachwi utoke hewani, unakwenda kwenye kopo lenye mkaa, mkaa unaunyonya. Baadaye, gari likiwa linatembea, kompyuta inafungua valvu ndogo ya umeme, injini inavuta ule mvuke na kuuchoma. Hiyo ndiyo pejivalvu. Ikikwama wazi, injini inavuta mvuke muda wote hata kwenye sailensi. Ukitoka kujaza tangi mvuke ni mwingi, injini inazidiwa mafuta, inazima, na kuiwasha ni mpaka ukanyage ili iingie hewa. Soma tena posti namba moja uone kama sijamsoma yeye neno kwa neno.

Halafu niulize: ukijaza, bunduki ya pampu ikikata yenyewe unaacha, au unamwambia kijana aongeze mpaka hesabu iwe ya mviringo?

#16 Chumbageni_Boi
Mpaka iwe elfu hamsini kamili mkuu 😅

#17 Embe_Dodo
Basi. Ile nyongeza baada ya bunduki kukata ndiyo inayosukuma petroli yenyewe, si mvuke, kwenye kopo la mkaa. Mkaa ukilowa umekwisha, na chenga zake zinasafiri mpaka kwenye valvu zinaikwamisha wazi.

#18 Spana_14
Embe Dodo hoja nzuri, ila mafuta yakizidi kodi ingekuwa P0172. Yeye kapata P0171.

#19 Embe_Dodo
Inategemea tangi. Likijaa unavuta mvuke, likikaribia kuisha na mkaa ukishakauka unavuta hewa tupu. Valvu moja, kodi mbili. Siku aliyopimwa tangi lilikuwaje?

#20 Chumbageni_Boi
Taa ya mafuta ilikuwa inawaka.

#21 Embe_Dodo
🙂

#22 Mnazi_Mkinda
Nilisema auze.

#23 Raskazone_Upepo
Kabla hamjafungua chochote, kaka angalia betri na waya wa hasi unaoshika bodi. Mimi naishi karibu na bahari, chumvi ya hapa inakula soketi mpaka zinatoa unga wa kijani. Gari yangu ilikuwa inazima nikiwasha AC na taa, kumbe volti zinashuka hadi 11 na kitu kwenye sailensi. Nimepiga sandpepa ile nguzo ya betri, nimepaka grisi, imekwisha. Bila shilingi.

#24 Mchimba_Masega
Hakuna aliyetaja masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi? Ekzosi ikiziba injini haiwezi kupumua. Nanunua masega ya gari zote, orijino, bei nzuri, nipo Tanga mjini.

#25 Dereva_Horohoro
Huyu hapa kaja 😂 Uzi wowote wa gari anatokea kama inzi kwenye tende.

Jibu la kweli: masega yakiziba shida inaonekana zaidi unapohitaji nguvu. Mleta uzi, ushawahi kupanda nayo Mombo kwenda Soni karibuni? Kama ilivuta vizuri kwenye zile kona, masega yako wazi. Usimuuzie mtu. Ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana anatoa bei nzuri.

#26 Chumbageni_Boi
Nilipeleka wageni Lushoto mwezi uliopita, ilipanda kama mbuzi.

#27 Mzee_wa_Sahare
Masega ya siku hizi yana bahati. Enzi za petroli ya risasi yasingemaliza mwaka, risasi inayafunika yote. Kwetu huku kusini mwa Sahara tuliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ndiyo waliofunga dunia nzima mwaka 2021.

#28 Kijana_wa_Majani_Mapana
Je mafuta yenyewe? Si kuna vinasaba vya kutambua mafuta halali lakini wajanja hawaishi. Mchanganyiko wa mafuta ya taa unazima gari vizuri sana.

#29 Spana_14
#28 mafuta mabaya yangemsumbua mpaka akikanyaga, na asubuhi ndiyo ingekuwa shida kubwa. Yeye ni sailensi tu, tena ikishapata moto.

Sasa tuache kupiga ramli. Chumbageni_Boi, tafuta fundi mwenye mashine inayoonyesha namba zinazotembea, si kodi peke yake. Vile vidude vya bei rahisi vya bluutuchi vinaweza visisomane na gari ya soko la Japani ya miaka hiyo, tafuta yenye programu ya Toyota. Injini iwe moto. Angalia asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au inapunguza ikiwa sailensi, andika. Kisha kanyaga mpaka mizunguko 2,500, shikilia, andika tena. Kawaida haitakiwi kupita 10 juu au chini. Ikiwa kwenye sailensi inaongeza sana halafu kwenye 2,500 inarudi karibu na sifuri, kuna hewa ya wizi mahali, kwa sababu tundu dogo lina maana pale hewa ni kidogo tu. Ikiwa inaongeza sana kote kote, tazama mafuta: pampu, filta. Usinunue kitu mpaka ulete namba hizo mbili.

#30 Chumbageni_Boi
Nimerudi wakuu. Sailensi: inaongeza 24. Kwenye 2,500: inaongeza 5. Fundi kanitoza elfu kumi na tano, kapanda basi kwenda Horohoro na mashine yake.

#31 Spana_14
Hewa ya wizi. Andika kwenye mfuko wa saruji.

#32 Mzee_wa_Sahare
Nilisema mpira wa PCV.

#33 Embe_Dodo
Pejivalvu iliyokwama wazi nayo ni hewa ya wizi mzee wangu. Inapita kwenye kopo la mkaa inaingia kwenye manifoldi bila ruhusa.

#34 Fundi_Duga
Na gasketi ya EGR ikivuja ni hewa ya wizi vile vile. Bado nipo.

#35 Binti_Muheza
Kutafuta tundu mimi nilimwona fundi anapitisha moshi. Anaziba bomba la hewa, anapuliza moshi kwa mpira mdogo, unapotokea ndipo pabovu. Kwetu tuna vyetezo vya udi kila nyumba, tatizo nini?

#36 Yakhe_wa_Makorora
Subhanallah, tuifukize Noah udi kama bi harusi. Labda ndiyo inachodai.

#37 Spana_14
JAMANI msilete makaa ya moto karibu na mpira wa mvuke wa petroli. Kichupa cha maji cha kupulizia kinatosha. Injini inanguruma, nyunyizia kidogo kidogo kwenye viungio vya mipira, sauti ikibadilika umepapata. Soketi za koili usizilowanishe.

#38 Dereva_Horohoro
Kwa pejivalvu ni rahisi zaidi. Fuata mpira mwembamba unaotoka kwenye valvu kwenda upande wa tangi, uchomoe, weka kidole. Kidole kikivutwa kwenye sailensi, valvu iko wazi.

#39 Embe_Dodo
Hapo nikurekebishe kaka. Fanya injini ikiwa BARIDI, ndiyo kwanza imewaka. Ikiwa moto kompyuta yenyewe huifungua kidogo kidogo, utasikia inavuta na utailaumu valvu nzima. Au ichomoe kabisa uipulize kwa mdomo: bila umeme hewa haitakiwi kupita.

#40 Chumbageni_Boi
Wakuu nina mengi. Jumamosi nilimpa fundi wa tatu afungue EGR (samahani Spana, nilikuwa nimeshaahidi). Ndani mlikuwa kama sufuria ya kuchemshia lami. Kakwangua kwa bisibisi, masizi yakajaa kisahani cha kahawa. Kisha gasketi ya kurudishia hana, kakata boksi la biskuti, kapaka gundi, kafunga. Kuwasha, sailensi ikapanda 1,200 inashuka inapanda, inashuka inapanda. Siku mbili haikuzima hata mara moja. Siku ya tatu nikajaza tangi, elfu hamsini kamili. Njia panda ya Kange, imezima.

#41 Fundi_Duga
Boksi la biskuti? Kwenye EGR? Moshi wa moto ule? Huyo fundi si wa Duga, nasema mapema.

Tafuta gasketi ya chuma. Na mkitaka kujua kama EGR ina hatia, kata kibati cha chuma kisicho na tundu, kiweke katikati ya EGR na manifoldi kwa siku tatu, kwa majaribio tu. Kopo la soda usitumie, alumini haiaminiki kwenye joto lile. Ikiacha kuzima, mmempata mwizi. Isipoacha, kitoe. Usikiache moja kwa moja, mwako utapanda joto na injini itaanza kugonga.

#42 Chumbageni_Boi
Leo siku ya kumi na mbili tangu #40. Gasketi ya chuma imewekwa. Mpira wa PCV tumeutoa, ulikuwa na ufa wa chini kama alivyosema mzee, unaingia ukucha. Tumeweka mpya. Siku hiyo hiyo pejivalvu tuliichomoa ikiwa baridi, nikaipuliza mwenyewe, hewa ilipita kidogo, si sana. Spea hakuna mjini, tumeubana mpira wake kwa koleo iliyofungwa kitambaa, baadaye tukaufunga kwa waya. Haijazima tena. Sailensi 680.

#43 Mzee_wa_Sahare
Alhamdulillahi. Mpira wa PCV.

#44 Embe_Dodo
Mzee, hewa imepita kwenye valvu isiyo na umeme. Imepita! Na mpira wameubana. Mnataka ushahidi gani?

#45 Fundi_Duga
Na masizi ya kisahani kizima yameondoka yakaenda wapi, baharini?

#46 Spana_14
Chumbageni_Boi umefanya mambo matatu siku moja, sasa hata malaika hawezi kukuambia kipi kilikuwa kinazima gari. Legeza ule waya wa pejivalvu, acha mengine, jaza tangi, tuone. Na mpime tena ile 24 imeshuka mpaka ngapi.

#47 Chumbageni_Boi
Mwenye mashine bado yuko Horohoro. Kujaza tangi sijajaza tangu siku ile, naweka elfu kumi kumi. Naogopa.

#48 Mchimba_Masega
Masega vipi, uliamua?

#49 Mwalimu_Pangani
Hongera. Linawaka.

#50 Chumbageni_Boi
Wakuu nimepata abiria wa Muheza kwenda na kurudi, nikajaza. Bunduki ilipokata nimeacha, elfu arobaini na sita mia tatu. Waya nimeulegeza kama Spana alivyosema. Hapa ninapoandika nimeegesha Kange, AC imewaka, mshale uko 650. Unacheza kidogo.

#51 Embe_Dodo
Unacheza vipi? Unashuka?

#52 Binti_Muheza
Saa nzima sasa. Kaka mbona kimya, imezima?

#53 Chumbageni_Boi
Simu ndiyo iliyozima, chaji. Gari bado.